Jinsi ya Kuchunguza Vipepeo Magharibi mwa Kenya: Anza na Yai, Wavu Baadaye

Watu wengi wanaotaka kujifunza vipepeo huanza na wavu. Humkimbiza mdudu vichakani, humnasa, mabawa yakachubuka, na jioni wanachokijua ni rangi yake tu. Mwongozo huu unapita njia nyingine: mmea kwanza, halafu yai, halafu kiwavi, na kipepeo mwenyewe anafuata. Ni njia ya polepole. Lakini maswali makubwa kabisa kuhusu vipepeo yalijibiwa kwa njia hii, na mkazi wa Kakamega, Vihiga, Busia au Kisumu anaweza kuifuata kwa vitu alivyo navyo nyumbani.

Tumebahatika mahali tulipo. Kenya ina karibu spishi 900 za vipepeo, na zaidi ya 400 kati yake zimepatikana katika Msitu wa Kakamega peke yake, msitu wa takriban kilomita mraba 240. Sababu ni kwamba Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu ya mvua ya Kongo na Afrika Magharibi. Wapo vipepeo hapo ambao ndugu zao wa karibu utawakuta Uganda na Kongo, lakini ukienda Nairobi huwaoni. Hata hivyo usianzie msituni. Msitu una vingi mno kwa anayeanza. Utazungushwa macho na usishike chochote. Anzia bomani.

Hatua ya 1: Chagua mmea mmoja na uukague

Kipepeo jike hatagi ovyo. Akitua kwenye jani hulipigapiga kwa miguu ya mbele, na kwa kuwa miguu hiyo ina viungo vya kuonja, anajua papo hapo kama jani hilo litawafaa wanawe. Kwa hiyo kila spishi ina mimea yake, na ukiujua mmea hutahitaji kumkimbiza kipepeo. Yeye ndiye atakayekuja.

Mmea bora wa kuanzia ni mlimau, au mchungwa, au mndimu. Huo ndio wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano ambaye karibu kila mtu amemwona akipita kwa kasi juu ya ua la nyumba. Kama huna mlimau, nenda kwenye viazi vitamu utafute Acraea acerata, mdogo wa rangi ya machungwa, ambaye viwavi wake wanajulikana sana na wakulima wetu kwa kumaliza majani, hasa kiangazi. Kwenye kunde na mbaazi tafuta Lampides boeticus, wa buluu, ambaye hutaga kwenye machipukizi ya maua, na kiwavi wake hujipenyeza ndani ya ganda akala mbegu. Na kwenye ile mimea ya kando ya barabara inayotoa utomvu mweupe ukiukata, utamkuta Danaus chrysippus.

Ukiingia shamba la mwenyewe, omba ruhusa na useme ukweli wa unachofanya. "Hodi kukhu (bibi, kwa Kiluhya). Naomba niangalie viwavi kwenye viazi vyako." Mara nyingi jibu litakuwa, "Angalia tu mwanangu, lakini ukiwapata usiniachie." Ukae naye kidogo umwulize wanatokea mwezi gani, na baada ya mvua ipi. Mtu aliyelima kipande hicho maisha yake yote ana kumbukumbu ambazo hazijaandikwa popote.

Hatua ya 2: Jifunze kuona yai na kiwavi

Geuza majani machanga ya mlimau, yale laini ya nchani, ukitazama juu na chini. Mayai ya demodocus hutagwa moja moja. Ni mviringo, ya manjano hafifu, madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Yai lililoanza kuwa na giza ndani limekaribia kuanguliwa. Miwani ya kukuzia inasaidia, na kama huna, kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha.

Kiwavi mchanga atakushangaza kwa jinsi asivyojificha. Ni mweusi-kahawia, ana baka jeupe mgongoni, na hukaa mchana kutwa juu ya jani, wazi kabisa. Ndege humwona na kumpita, kwa sababu anafanana na kinyesi cha ndege, hadi ule unyevunyevu wake. Anapokua ujanja huo haumfai tena, kwani hakuna kinyesi cha ndege chenye urefu wa kidole. Basi akijivua ngozi kwa mara ya nne, hutoka akiwa wa kijani, mwenye michirizi ya kahawia, na sasa anapotea katikati ya majani.

Mguse taratibu nyuma ya kichwa kwa ubua wa nyasi. Pembe mbili laini za rangi ya chungwa zitachomoza pale pale ambapo hapakuwa na kitu, zikiwa na unyevu unaong'aa, na harufu kali itakufikia puani kabla hujarudisha mkono. Halafu pembe hurudi ndani polepole na kichwa kinakuwa kama zamani. Ni silaha ya kuwafukuza chungu na nyigu, na viwavi wote wa ukoo wa Papilionidae wanayo. Usimguse mara kwa mara, maana anachoka.

Hatua ya 3: Lea wachache

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, na nitapaeleza kwa kirefu.

Chukua mayai au viwavi watatu au wanne, si zaidi. Tafuta ndoo ya plastiki au katoni kubwa, ukate dirisha ubavuni na kuliziba kwa kitambaa cha matundu. Jambo moja ni la lazima: usitumie chandarua cha kitandani. Vyandarua vingi tunavyopewa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haibagui kati ya mbu na kiwavi. Nunua kipande cha neti ya shela za harusi kwa fundi cherehani. Ni bei rahisi na hewa inapita vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo, usichume majani ya mti uliopuliziwa dawa, na unawe mikono kama umejipaka dawa ya mbu.

Weka tawi ndani ya chupa ya maji ili majani yasinyauke, na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba. Usipoziba, kiwavi atatambaa kufuata shina hadi majini na kufa humo. Badilisha majani kila siku. Usimbandue kiwavi kwa vidole. Kata kipande cha jani alichokalia ukiweke juu ya majani mapya, naye atahama mwenyewe. Ondoa kinyesi kila asubuhi, kwa sababu unyevu wa kinyesi huleta ukungu, na ukungu huua chombo kizima. Kama chungu ni wengi kwenu, simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji.

Kwa demodocus, kipindi cha kiwavi huchukua takriban wiki tatu hadi nne, kutegemea joto. Kisumu ni haraka, Nakuru ni polepole. Utajua muda umefika akiacha kula, akatoa kinyesi cha majimaji na kuanza kuzurura. Mpe kijiti kilichosimama wima. Atajifunga kiunoni kwa uzi wa hariri na kujivua ngozi ya mwisho awe pupa, yaani ganda lililotulia ambamo hugeuka kipepeo, ya kijani au ya kahawia kulingana na mahali alipojishikiza. Usimsogeze.

Baada ya wiki mbili hadi tatu pupa hubadilika rangi, na siku ya mwisho utaona michoro ya mabawa kwa ndani. Wengi hutoka asubuhi. Ganda hupasuka nyuma ya kichwa, kipepeo anajivuta nje akiwa na tumbo lililovimba na mabawa yaliyokunjamana, madogo ajabu. Anapanda juu haraka, ananing'inia, na kuanza kusukuma majimaji ya mwilini kwenye mishipa ya mabawa. Utayaona yakikunjuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo lazima awe na nafasi ya kuning'inia pasipo kugusa kitu. Akikosa, mabawa hukauka yakiwa yamepinda na hataruka kamwe. Matone mekundu au ya kahawia yatakayodondoka si damu, ni taka za kipindi cha pupa. Mwachie akauke kwa saa kadhaa, kisha mwachilie karibu na mti ule ule ulikomtoa.

Wakati mwingine atakayetoka kwenye pupa ni nyigu mdogo au nzi. Huyo alitagwa ndani ya kiwavi zamani. Usimtupe ukaona umepata hasara: mpige picha, andika tarehe, andika alitoka kwa kiwavi gani wa mmea gani. Taarifa za namna hii ni adimu kuliko picha za vipepeo wenyewe.

Kwa nini nasisitiza kulea? Kwa sababu jicho peke yake hudanganywa. Huko Ulaya, karne ya 17, wengi walisadiki kwamba wadudu huzaliwa na tope na uozo. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alianza kulea viwavi vya hariri akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1699 alisafiri na binti yake hadi Suriname, Amerika Kusini, akakaa huko miaka miwili, na mwaka 1705 akachapisha kitabu cha michoro iliyoonyesha yai, kiwavi, pupa na kipepeo wakiwa pamoja juu ya mmea wao wa chakula. Mengi kuhusu mimea ile aliyapata kwa wenyeji na watumwa wa huko, kama wewe utakavyoyapata kwa kukhu wa viazi.

Kuna mfano wa karibu zaidi nasi. Precis octavia ni kipepeo wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kusini. Wa msimu wa mvua ni wa rangi ya machungwa. Wa kiangazi ni wa buluu iliyokoza. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi mbili. Mwaka 1898 Guy Marshall, akiwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alilea mayai ya yule wa machungwa akapata wa buluu. Ubishi ukaisha.

Na yupo Papilio dardanus, ambaye Kakamega anapatikana. Dume ni wa manjano hafifu, ana mikia miwili nyuma. Jike hana mikia na ana sura nyingi tofauti, nyingi zikiigiza vipepeo wengine wenye sumu, hadi watu wakawapa majike hao majina ya spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa Afrika Kusini, alitangaza kwamba wote ni wake wa dume yule mmoja wa manjano. Wengi hawakumwamini, hadi walezi walipotoa watoto wa sura tofauti kwenye mayai ya mama mmoja. Miaka ya 1950, daktari Cyril Clarke wa Liverpool pamoja na Philip Sheppard waliwazalisha vipepeo hawa ili kujua sura hizo hurithiwaje. Urithi ule ulimkumbusha Clarke makundi ya damu ya Rhesus, na kazi aliyoifanya na wenzake baadaye ikazaa sindano ya anti-D, ile ambayo mama mwenye damu ya Rhesus hasi hudungwa ili mwili wake usije kuidhuru mimba inayofuata. Ukiambiwa kulea viwavi ni mchezo wa watoto, mweleze huyo habari ya sindano hiyo.

Hatua ya 4: Tembea njia ileile, wakati uleule

Ukishazoea spishi chache, anza kuhesabu. Chagua njia unayoweza kuitembea kwa chini ya saa moja: kutoka nyumbani hadi mtoni, au kandokando ya msitu, au ufukweni mwa ziwa kule Dunga, Kisumu. Itembee mara moja kwa wiki, mwendo wa taratibu usiobadilika. Hesabu tu wale wanaotokea mita 5 mbele yako, mita 5 kwenda juu, na mita 2.5 kila upande. Wa mbali waache hata wawe wazuri namna gani. Utaratibu huu ulibuniwa na Ernest Pollard huko Uingereza, na tangu mwaka 1976 umetumika kule kufuatilia vipepeo nchi nzima. Kipimo kikiwa kilekile, hesabu za mwaka huu zinaweza kulinganishwa na za mwaka ujao.

Saa za Uingereza zisikufunge. Wao hungoja karibu adhuhuri ndipo waanze kwa sababu ya baridi. Huku kwetu asubuhi huwa na jua na alasiri hunyesha, hasa Kakamega na Vihiga, kwa hiyo toka kati ya saa tatu na nusu na saa sita. Mapema zaidi utawakuta wamekaa juu ya majani na mabawa wazi, wakiota jua ili misuli ipate joto la kuruka. Huo ni wakati mzuri wa kupiga picha, si wa kuhesabu.

Hatua ya 5: Sasa ingia msituni

Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Isecheno, unakofika kwa kupitia Khayega na Shinyalu, iko chini ya Huduma ya Misitu. Sehemu zote mbili lipa kiingilio na uchukue mwongoza wageni wa pale pale. Wanajua miti kwa majina, na ukimwambia mwongoza wageni kwamba unatafuta viwavi atakupeleka usikokujua.

Vipepeo wengi wa msituni hawagusi maua. Charaxes, wale wenye nguvu na mikia mifupi ambao Dakta van Someren wa Nairobi aliwachunguza na kuwaandikia sana katika miaka ya 1960 na 1970, hukaa juu ya vilele vya miti na hushuka kwa sababu ya vitu vilivyochacha: matunda yaliyooza, utomvu wa mti uliojeruhiwa, hata kinyesi cha mbwa au chui. Kwa hiyo ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, ongeza sukari, na kama kwenu wanapika busaa omba machicha kidogo uchanganye. Acha siku mbili au tatu kwenye chombo chenye kifuniko kisichobana. Pakaza kwenye gogo lenye jua pembeni mwa njia, uketi hatua chache pembeni. Wakishaanza kunywa hawakujali tena. Utasogea na kamera hadi uone mrija wa manjano au mwekundu ukitomasa ndizi. Kumbuka kusafisha gogo unapoondoka, la sivyo nyani watakuwa wageni wa kila siku.

Mahali pengine pa kusubiri ni kwenye mchanga wenye unyevu kando ya mito ya Isiukhu na Yala, ambako madume hukusanyika kunyonya chumvi. Na kwa vilele vya vilima, panda Lirhanda, au Menengai kama uko Nakuru, mchana wa jua. Madume wa spishi kadhaa hupanda vilimani kungoja majike.

Hatua ya 6: Mtambue bila haraka

Kwanza hakikisha si nondo. Papasi za kipepeo huishia na kifundo kidogo nchani. Za nondo ni kama uzi au unyoya. Kisha hesabu miguu. Ukiona minne tu, mdudu hajakatwa: ukoo wa Nymphalidae miguu yao ya mbele ni mifupi na hukunjwa kifuani. Ukiona mdogo wa buluu mwenye vimikia vya nyuma na vidoa vya macho anavisugua huku ametua, ni wa Lycaenidae. Vile vimikia huigiza kichwa, na mara nyingi utawakuta wameng'atwa upande huo na bado wanaruka.

Wenye sura za kuigiza ndio mtihani. Danaus chrysippus hubeba sumu inayotokana na mimea aliyokula akiwa kiwavi, na ndege waliomwonja humwepuka. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo lakini amevaa rangi zilezile. Henry Walter Bates, aliyekaa Amazon kati ya 1848 na 1859, ndiye aliyeeleza ujanja huu mwaka 1862. Kuwatenganisha, tazama bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, Hypolimnas ana kimoja tu ukingoni mwa juu. Na kama una kiwavi, mmea utakwambia mapema zaidi: Hypolimnas hulelewa kwenye Portulaca, lile gugu lenye majani manene linalotambaa shambani.

Hatua ya 7: Andika, na uwape wengine

Andika papo hapo, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka mvua ikikushika. Mfano wa ingizo linalofaa: "14 Aprili, saa 4:10 asubuhi, Shinyalu, ukingo wa shamba. Jua, upepo kidogo. Jike wa demodocus ametaga mayai mawili, mndimu mchanga, urefu wa goti, upande wa juu wa jani." Siku ambayo hukuona kitu andika hivyo pia, pamoja na hali ya hewa.

Ukimkuta kipepeo amekufa, mkunje mabawa yakutane juu, mtie ndani ya bahasha ya pembetatu ya karatasi, uandike nje mahali na tarehe kabla hujamtia. Sampuli isiyo na tarehe na mahali haina kazi kwa mtafiti. Lakini kunasa na kuua vipepeo kwa ajili ya utafiti, au kutoa chochote msituni, kunahitaji kibali. Wasiliana na KWS kabla ya kununua wavu.

Picha zako zipandishe kwenye programu ya iNaturalist, ambayo ni ya bure, na uache sehemu ya mahali ikiwa imejazwa. Wapo wataalamu wanaopitia picha za vipepeo wa Afrika na kusahihisha majina. Usiweke kipepeo aliyekomaa tu. Weka yai, kiwavi na pupa, kila hatua na tarehe yake. Kwa kiwavi weka picha mbili: moja ya mdudu, nyingine ya mmea mzima, jani na ua likiwapo, na uandike pia jina la mmea kwa Kiluhya, Kidholuo au lugha yoyote ya hapo ulipo, kwa sababu swali la kwanza atakalokuuliza mtaalamu ni kiwavi huyo alikuwa anakula nini.